Ua la Kundelungu kwenye Kopo

Jumapili, 3 Juni 1962
Bado napika bukari, ugali wa kwetu, ya watu wawili. Nimekula peke yangu, nyingine nimempa mbwa wa jirani.
Kopo nimelimwagilia asubuhi na jioni, kama mume wangu Clovis alivyoniagiza alipokimbilia kambi ya wakimbizi mwaka jana, Wakasai wenzake walipochomewa nyumba na watu wa hapa. Majani mazuri — ua hakuna! Ni mmea wa mlimani kwetu, Kundelungu. Aliung'oa huko akiwa na wazungu wa maabara ya mimea. Kazi yake ilikuwa kubandika mimea mikavu kwenye karatasi. Walisema haupo mahali pengine duniani. Lakini bila kuona ua hawawezi kuupa jina.

Jumatano, 6 Juni
Hortense, anayeuza mihogo kwenye uzio wa kambi, ameleta barua. Wakasai wanarudishwa kwao kwa treni. Clovis anataka twende wote. Kasai! Hata kusalimia kwa lugha yao sijui. Nimemjibu kama siku zote: ua likitoka, nitakuja nalo.

Jumanne, 12 Juni
Baridi. Hakuna aliyebisha hodi tangu Ijumaa. Nimezungumza na kopo. Upuuzi!

Jumapili, 17 Juni
Acha niseme ukweli, hakuna atakayeusoma.
Bibi yangu na wenzake walichoma nyasi za mlima kila kiangazi. Ardhi ikiwa bado nyeusi, maua haya yalitoka. Hayataki maji. Yanataka moto. Nilijua tangu siku ya kwanza! Clovis hakuniuliza — mke ataulizwaje mambo ya maabara? — nami nikanuna, nikanyamaza. Tangu aondoke namwagilia kwa makusudi. Ua lisipotoka, sina haja ya kuchagua kati ya Clovis na kwetu.
Nina aibu.

Jumatano, 20 Juni
Barua tena. Jina lake liko kwenye orodha ya treni ya Jumamosi, 14 Julai. Mwishoni ameandika: "Kama ua haiyatoka, iache. Kuya weye. Niko nakungoya weye, hapana mauwa."
Nimeisoma mara nne: nije mimi, ananingoja mimi, si maua. Sasa sina pa kujificha.

Alhamisi, 21 Juni
Nimelichoma. Nyasi kavu, kiberiti kimoja. Martine, jirani, alichungulia juu ya ukuta. Tangu mwaka jana hanisalimii, leo amepata sauti: "Weye nawe! Unachoma nini tena? Moshi ya mwaka jana haikutosha?"
Nikachochea nyasi mpaka zikaisha. Limebaki shina jeusi. Kama nimeliua? Nimelia mpaka kichwa kikauma.

Jumamosi, 30 Juni
Majivu tu.

Ijumaa, 6 Julai
Limechipua! Si jani — tumba, linatoka moja kwa moja kwenye weusi! Nikatoka mbio hadi barabarani kumwambia mtu. Nimwambie nani? Nikarudi ndani.

Jumatano, 11 Julai
Kaka yangu Mwaba amekuja, ameiona valizi, sanduku langu la safari, kitandani. Hakukaa. "Ngosa, weye ni mutoto wa hapa. Bale bantu ba Kasai batakuita nani kule? Kama unaenda, usirudie tena ku nyumba ya mama."
Nilimpikia, hakula. Nampenda, ndiyo shida. Nimetoa nguo kwenye valizi, kisha nimezirudisha.

Jumamosi, 14 Julai
Naandika kwa penseli, nimekalia valizi, kwenye foleni ya lango la kambi. Ua limefunguka alfajiri. La buluu, dogo kama kifungo cha shati. Basi hilo ndilo!
Karani langoni anauliza kila mtu jina, kabila, na anakwenda na nani.
Clovis yuko ng'ambo ya uzio. Amekonda, Mungu wangu. Nilipoinua kopo alicheka kwa sauti, watu wakageuka. Miaka mitatu alilimwagilia! "Ulifanya nini, mama, mpaka ikatoa ua?"
Nikamwambia nimelichoma, kama bibi zangu walivyofanya.
Akaacha kucheka. Akashika waya kwa mikono miwili. "Ulijua tangu lini?"
Nimeinamia daftari, nikajifanya kuna kitu lazima nikiandike. Bado amesimama pale, anangoja. Mbele yangu wamebaki watu wawili, kisha karani ataniuliza nakwenda na nani.