Nilikiondoa Kikaguzi Kilichonionya

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo dada yangu anaruhusiwa kutoka wodini.

Mimi ni karani wa shule, na kwa kuwa nashinda kwenye kompyuta, nyumbani wananiita Injinia, basi dada yangu, fundi cherehani mwenye presha, alipokosa dawa zake maduka matatu akaniambia, "Injinia, hebu nitafutie huko mtandaoni kwako," nami nikajiona, nikaweka kwenye kivinjari vikaguzi vitatu, vile viprogramu vinavyowasha rangi kando ya jina la tovuti kuonyesha kama ni salama, nikavilinganisha juma zima kama mtu anayechagua mchumba, na nilipofungua duka moja la dawa viwili vikawasha kijani, cha tatu kikawasha njano na kusema tovuti ina siku kumi na tisa tu tangu ifunguliwe, lakini hicho kilikuwa kimenichosha, kiliwasha njano hata kwenye tovuti ya shule yetu, nikasema viwili haviwezi kukosea, nikakiondoa, nikaagiza makopo mawili.

Dada alimeza kila asubuhi, nikimwona. Wiki ya tano akaanguka juu ya cherehani, na mkono wa kulia haushiki kitu. Daktari anasema aliacha dawa, shemeji anamwita mzembe mbele ya wagonjwa, naye analia kwamba hakukosa hata siku moja, kisha ananigeukia, "Mdogo wangu, si uliniona?" Nasema ndiyo, naishia hapo. Nimekirudisha kile kikaguzi: sasa kinawasha nyekundu, na duka lenyewe halifunguki. Kopo la pili liko kabatini kwake. Nikisema ukweli nitampoteza dada. Nifanyeje?

Mdogo Mtu

*

Mdogo Mtu, namba uliyoandika nimeipiga mara tatu, hupokei. Ndiyo maana barua yako imeruka foleni.

Pole. Ulitaka kusaidia, na kama vidonge hivyo ni bandia, waliovitengeneza ndio wenye dhambi kubwa. Nina neno pia na wanaotoa vikaguzi hivi. Wanawasha kijani kana kwamba wameionja dawa, kumbe wametazama tu kama anwani imo kwenye orodha ya wezi wanaojulikana, au ni watu wangapi wameisifu. Mwizi wa juzi hayumo kwenye orodha yoyote. Kijani maana yake hatujasikia ubaya wake, basi. Kile ulichokiondoa ndicho pekee kilichokupa habari. Wewe hukulinganisha usalama, ndugu yangu, ulilinganisha kipi hakikusumbui, kisha ukahesabu kura mahali ulipopaswa kumuuliza mfamasia.

Kosa hilo linasameheka. La sasa ndilo baya. Unamwacha mgonjwa aitwe mwongo na wewe ndiye shahidi wake, unamwacha daktari apange matibabu kwa habari isiyo kweli, na kopo linamsubiri nyumbani. Unaogopa kumpoteza? Akilifungua hilo kopo unaweza kumpoteza kweli, na hapo hutakuwa na wa kumwomba radhi.

Usingoje Ijumaa, nenda leo. Litoe kopo kabatini, usilitupe, lipeleke kwa daktari pamoja na lile tupu, umwambie uliliagiza wapi na lini, na umwombe awaarifu wanaosimamia dawa, maana wako wengine wanaozimeza asubuhi hii. Shemeji awepo. Alimtukana mkewe mbele ya watu, na asikie mbele ya watu. Kisha inama kitandani umwambie dada yako, bila hadithi ndefu za kompyuta: "Hukukosa hata siku moja. Dawa niliileta mimi, na nilionywa."

Huenda akakufukuza. Toka, kaa kwenye benchi la nje ya wodi, usiende nyumbani. Jioni atahitaji mtu wa kumfunga vifungo vya gauni, hata kama bado hataki kukutazama usoni.