Gari Linakosa Pumzi Mlimani: Ninunue Nini Kwanza?

Mpendwa mshauri Bi Khadidja, salamu kutoka Buyenzi, hapahapa Bujumbura, na naomba unisaidie upesi kabla sijaweka pesa mkononi mwa fundi. Najua watu wanakuandikia mambo ya ndoa na wakwe, langu ni la injini, lakini ndoa nayo imo ndani, utaona mwenyewe. Nina Peugeot 504 ya mizigo, rangi ya maziwa, yenye turubai nyuma, napandisha watu na bidhaa Kayanza na kurudi na viazi na kabeji, na kama unavyojua, kwa vita hivi barabara ile haendi mtu peke yake, tunasubirana asubuhi tupande kwa konvoi, wanajeshi wanatusindikiza na kila mtu anamwomba Mungu wake. Sasa huku chini kwenye tambarare gari langu linakimbia vizuri sana, hata vijana wa Kiriri wenye magari ya baba zao nawapita, lakini tukianza kupanda kuelekea Bugarama linahema, linatoa moshi mweusi, na mwezi uliopita likazima kabisa kwenye kona, magari yakanipita moja moja mpaka la mwisho, tukabaki sisi na msitu.

Nyuma nilikuwa na akina mama wa sokoni, mmoja akatoa rozari yake, mimi nikasoma kila dua ninayoijua huku nakanyaga na kuwasha, nakanyaga na kuwasha, mpaka likashika na tukafika Kayanza, Alhamdulillahi. Nyumbani nilisema nilichelewa kwa sababu ya pancha.

Tangu siku hiyo sina swali jingine kichwani ila hili: injini ni ileile, petroli ni ileile, dereva ni yuleyule, kwa nini ishindwe mlimani? Hata msikitini, Mungu anisamehe, imamu anasoma nami nawaza pistoni. Fundi wangu Radjabu anasema, "Motari yako iko nakosa nguvu tu. Tunatia kabureta kubwa, tunanyoa culasse kidogo, tunatia na bomba ya moshi ya sport. Itapanda sawa pikipiki!" Motari ndiyo injini, na culasse ni kile kichwa chake, anasema ukikipunguza, injini inabana zaidi na nguvu inaongezeka. Tena anajua mahali pa kupata turbo ya gari lililopata ajali. Pesa ipo, ila ni ya mabati ya nyumba yetu ya Kanyosha, na mke wangu Sikuzani, anayeuza vitenge soko la Jabe, alinisikia nikiipigia mahesabu akaniambia, "Mi sikuolewa na motari. Weka mabati, ao uza gari ukuje tukae wote soko."

Usidhani mimi ni mtu wa kutapanya. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo petroli tunainunua kwa chupa, kwa hiyo nikirudi kutoka Bugarama natoa gia, nazima injini, nateremka kwa uzito wa viazi mpaka karibu na mjini bila kuchoma hata tone, kama wenzangu wanavyofanya. Basi niambie, kati ya kabureta, culasse, bomba na turbo, kipi kinastahili pesa ya mabati? Tafadhali usiandike jina langu.

Dereva wa Buyenzi

*

Mwanangu dereva, pole sana kwa kona ile. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama mshauri, mara ya pili kama mjane wa dereva wa lori, na swali lako likaninyima raha hata mimi. Nikaenda nalo kwa Léonce, rafiki wa marehemu mume wangu, ambaye mpaka leo anapanda na konvoi. Nimejifunza mengi, na sasa nawe utajifunza.

Kule juu hewa ni nyepesi. Kabureta yako imepimwa kwa hewa ya huku chini, kwa hiyo mlimani injini inakunywa petroli ya Bujumbura na kuvuta hewa ya Bugarama. Petroli inazidi, haiungui, ndiyo moshi mweusi huo. Halafu Radjabu akuongezee kabureta kubwa? Mtu aliyekabwa na ugali haongezewi tonge! Kunyoa culasse nako kunataka petroli safi, na hiyo yako ya chupa, yenye mafuta ya taa ndani, itaifanya injini igonge mpaka pistoni itoboke. Turbo kwenye injini ya umri huo isahau. Bomba la sport ni kelele tu, na kwenye barabara ile, kelele unamwitia nani?

Mwambie Radjabu abadilishe kichujio cha hewa, asafishe kabureta na kuipunguzia petroli kwa ajili ya mlima, arekebishe valvu, aweke plagi mpya. Nawe punguza mzigo. Gari halitakuwa pikipiki, lakini halitazima. Nilipomuuliza Léonce kuhusu mbio alicheka: "Mama, mu konvoi hakuna mashindano. Gari ya polepole inafika. Ile inazima ndiyo inabakia." Kawia ufike, wazee walisema, wala hawakuwa na gari.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa nina hasira. Kupanda umekueleza karatasi nzima, na kuteremka umekutaja kwa kujisifu. Injini ikizimwa, breki zako hazisaidiwi tena. Unakanyaga mara moja, mara mbili, kisha kanyagio linakuwa gumu, na gia uliyoitoa ndiyo ingelishika gari. Mume wangu alipokufa, watu wa matanga waliniuliza aliviziwa kwenye kona gani. Hakuna aliyemvizia. Alikuwa amezima injini ili aokoe petroli, kama wenzake walivyofanya. Mpaka leo namkasirikia, na mpaka leo namlilia.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ni ya breki: pedi, mipira, mafuta yake, yote. Mpaka zitengenezwe usipande na konvoi yoyote, hata wakupe nauli maradufu. Ukiteremka, injini iwake na gia iwe ndogo, na petroli itakayoungua ihesabu kuwa sadaka. Itakayobaki ni ya mabati. Sikuzani ana haki.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini wewe mwenyewe umemtaja mkeo, fundi wako, rangi ya gari na nyumba ya Kanyosha! Ningeweza kuyafuta hayo, sikuyafuta, maana mwanamke anayekuona ukipiga mahesabu bila kujua uliachwa na konvoi kwenye kona ile anadhani unaipenda injini kuliko yeye. Umetuambia sisi sote isipokuwa yeye. Gazeti linafika Buyenzi Alhamisi asubuhi, Jabe linafika Ijumaa. Mwambie Alhamisi hiyohiyo.

Bi Khadidja