Gogo Lililoinuka Njiani

Mjukuu wangu Wanjiku,

Hapa Ruring'u tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kama chui weusi wako kweli. Wako.

Mwaka ule wa uhuru, mimi na dada yangu Nyambura tulikuwa tukitoka msituni asubuhi, kuni mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, macho chini. Nikaona gogo lililoungua limelala njiani. Nikainua mguu niliruke. Nyambura akanivuta.

"Ati unaruka nini? Hiyo iko na macho!"

Gogo likainuka, likapita juani, na madoadoa yakaonekana ndani ya ule weusi.

Nyumbani walitucheka. Tangu hapo, asiyeniamini nilimwambia, "Muulize Nyambura."

Juzi niliposoma swali lako, nilimwita kwa sauti aje akujibu, nikasahau kwamba tulishamzika.

Nyanya yako