Upepo Uliopitishwa na Kikao

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimewaka! Leo tumemwaga maji porini. Maji! Mwezi wa kumi huu, mvua hata harufu yake hakuna, na sisi tunafungua koki ya tangi tunanywesha mchanga wa Kalahari.

Kosa la nani? La Mjomba Oteng. Injini ya kisima kule malishoni imekufa wiki iliyopita, ng'ombe wetu wote wanangoja maji tunayobeba kwa pikapu kutoka hapa Hukuntsi. Na kila mwenye macho anajua — mchangani tairi hupunguzwa upepo. Likilegea linatanuka, linakanyaga juu juu kama mguu wa ngamia. Likiwa gumu linachimba. Hilo hata mbuzi anajua! Mjomba hajui. Yeye anasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa gari: ukibeba mzigo, upepo bar tatu. Basi akajaza tatu. Magurudumu magumu kama kichwa chake.

Tukaacha lami, tukaingia mchangani. Hatukufika mbali — chubwi! Mpaka ekseli. Nikasema Mjomba, nipe njiti nibonyeze valvu, nilegeze tairi. Akasema shida ni mzigo, si upepo, akafungua koki. Nusu tangi! Na kupiga koleo nani? Mimi, dereva bora wa wilaya nzima.

Yeye haumwi roho kwa sababu hana Phatshwana. Phatshwana ni ng'ombe wangu mimi — mweusi, madoa meupe, mimba yake imekomaa. Bibi alinipa nilipoacha shule. Wenzangu walipewa zawadi kwa kumaliza, mimi kwa kuacha! Ndiye mali yangu yote duniani. Yeye na viatu.

Jumanne, 17 Oktoba

Mjomba anaumwa kiuno. Kwa hiyo leo niliendesha peke yangu, na dunia iliona maajabu.

Lami ilipoisha nikasimama, nikatoa upepo mpaka moja na nusu. Tairi likatoa kitambi kama mwenyekiti wa kijiji. Halafu nikapaa! Motsamai, mchungaji wetu, aliniona kwa mbali akadhani ni mtu mwingine. Akaniuliza: "Wewe dereva ama mbuni?" Phatshwana alikunywa mpaka masikio yakasimama. Lakini wanywaji ni wengi. Motsamai anasema maji yale hayavuki Ijumaa.

Kurudi — sitaki kuandika. Basi naandika. Pampu ya mguu ninayo, najua lamini unajaza tena. Ila jua lilikuwa kali, tangi tupu, gari jepesi, na pale kituoni wauza magwinya, maandazi yetu ya kukaanga, walikuwa wananitazama. Kusimama ukanyage pampu mbele ya wasichana! Nikapita kwa kasi ya heshima. Tairi la nyuma likapasuka mbele yao hao hao. Wamecheka mpaka mafuta yao yakaungua.

Mjomba amekuja na kiuno chake, ameshika raba, amesema: "Umelipika, mpwa wangu. Bado chumvi tu." Uonevu! Tairi lenyewe zee kuliko mimi.

Jumatano, 18 Oktoba

Siamini ninachoandika. Ukoo mzima umekaa kikao — kuhusu upepo wa tairi!

Bibi ndiye aliyeita, amechoka na kelele zetu. Wajomba wanne na viti vyao, mama zangu kwenye mikeka. Na kwetu neno la barazani halitupwi, hata la mjinga ni zuri. Ndiyo maana Mjomba Letsholo aliongea tangu chai hadi kivuli kikahama. Hana gari. Hana hata baiskeli! Alieleza jinsi ya kufunga punda mkokoteni. Wakamshukuru kwa neno zuri.

Mjomba Oteng akasema tatu, karatasi imesema. Zamu yangu ikafika mwisho kabisa, nikasimama vizuri, kofia mkononi. Nikasema wazee wangu, lamini tujaze tatu, mchangani tupunguze mpaka moja na nusu, tukitoka tujaze tena. Rahisi!

Akajibu Mjomba Letsholo: "Leo hivi, kesho vile. Tairi litamsikiliza nani?"

Wakacheka. Halafu mkubwa wao akakata neno: hakuna atakayetoka hapa ameshindwa, ndugu hawashindani. Tatu ya Oteng na moja na nusu ya Pelontle, yaani mimi, tuchukue katikati. Mbili na robo! Lamini legevu, mchangani gumu — baya kote kote, na wote wakaitikia kwa furaha kama tumeoza binti!

Na atakayeongeza au kupunguza bila kikao, faini ng'ombe mmoja.

Nikauliza, na kama mtu ana ng'ombe mmoja tu?

"Basi hatapata shida ya kuchagua," akasema Mjomba Oteng.

Bibi hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Hakuna safari. Tairi la spea limeota nyufa, Mjomba anazunguka kutafuta la kuazima. Akirudi anapima upepo. Akinywa chai anapima upepo. Mbili na robo, mbili na robo, kama nesi na homa.

Ijumaa, 20 Oktoba

Tairi limepatikana jioni. Motsamai amepanda kilima kutafuta mtandao, amepiga: birika la kunyweshea ng'ombe limekauka tangu asubuhi. Phatshwana anasimama akisukumwa tu. Nimesema twende sasa hivi! Mjomba anasema alfajiri. Nimekataa uji. Hakuna aliyenibembeleza.

Jumamosi, 21 Oktoba

Naandikia uvunguni mwa pikapu, ndipo pekee penye kivuli.

Lamini magurudumu yalichemka, tukasimama mara mbili yapoe. Mjomba aligusa tairi akavuta mkono haraka. Tukaingia mchangani. Tukafika karibu nusu ya njia — na hapo tumezama. Kikao kizima kimezama! Tangi limejaa pomoni, maji yanacheza mle ndani nayasikia.

Nikamwambia, Mjomba, unaona mwenyewe. Legeza kidogo tu.

"Naona," akasema. Alisema naona! "Lakini nikifungua valvu hapa, kesho nani atasikia neno la kikao?"

Nikamwambia basi fungua koki kama Jumatatu. Hapo akainamisha kichwa. Akachukua simu, akaanza kupanda kilima awapigie ndugu zake waruhusu. Watatu! Mmoja wao Letsholo!

Motsamai ametokea juu ya punda. Alisikia injini yetu ikilia. Anasema Phatshwana amelala tangu usiku, ameanza uchungu wa kuzaa na hana nguvu ya kusukuma. Ulimi mkavu kama ngozi ya ngoma. Motsamai amenitazama mimi, ametazama magurudumu.

"Bwana mdogo, mnangoja nini?"

Ruhusa.

"Ya nani?"

Nikamweleza. Nikamweleza na faini. Hakucheka, mtu anayecheka kila kitu. Amesema tu kwamba ng'ombe hahudhurii vikao, kisha, kwa kuwa dumu la kubebea maji hana wala sisi hatuna, akageuza punda arudi akamwekee kivuli.

Namwona Mjomba kule juu. Ameinua simu anazunguka. Mtandao hakuna. Au upo na Letsholo anaongea.

Nikilegeza tairi, Phatshwana atakunywa leo, na kesho ni wa wajomba. Nisipolegeza ni wangu. Mzoga wangu, na ndama wangu ndani yake. Nimeigeuza hesabu kila upande, inatoka vile vile. Ukoo gani huu! Wenye akili wote wamekaa mikekani!

Kifuniko cha valvu nimeshakitoa. Nimeingiza njiti — imevunjika. Ya pili imevunjika. Mjomba ameniona, anashuka, anapiga kelele, sisikii anasema nini.

Chembamba kingine hapa sina ila hii kalamu