Baiskeli Niliyoisukuma Kutoka Tunduma

Kambi ya Mgodi,
Rodesia ya Kaskazini.
Jumapili, baada ya ibada.

Mke wangu Mama Tabita,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha mama yangu ambaye najua ameketi kwenye kigoda chake karibu nawe, kisha kila aliyeingia humo ndani aliposikia kuna barua ya Eliya. Najua pia kwamba sauti mnayoisikia ni ya binti yetu Tabita, maana ndiye msomaji na mwandishi wa nyumba. Habari za Hasamba? Mvua imefika, au bado mnaitazama ikinyesha upande wa watu wengine? Kikohozi cha mama kimeachia? Kama bado, mpelekeni misheni, msimsikilize akisema ni vumbi tu. Mimi mwili hauna neno. Niko zamu ya asubuhi, tunashuka chini jua halijatoka. Wenzangu wa Mbozi ninaokaa nao wanasema nimenenepa shingo. Lakini leo siandiki habari za shingo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unanieleza kwamba kaka yako, shemeji Yesaya, alinunua baiskeli Mlowo alipouza kahawa, na huu ni mwezi wa tano hajaipanda. Anaisukuma kwenda gulioni, anaisukuma kwenda kanisani, na watu wakimwuliza anawajibu kwamba shemeji yake wa mgodini alisema baiskeli mpya haipandwi mwaka wa kwanza, kwa sababu vyuma bado vichanga. Uliandika kama habari njema, kwamba ananiheshimu. Mama Tabita, nilipofika hapo niliikunja barua nikaisukumia chini ya godoro, kama vile mtu angeweza kuiona.

Hakuna kitu kama hicho. Chuma hakina uchanga wala ukomavu, si mahindi. Nilisema vile kwa sababu sikujua kupanda baiskeli.

Haya, nimeandika, na kalamu haikuvunjika. Ngoja nieleze kuanzia mwanzo. Huku mtu akienda likizo kwao bila baiskeli, wenzake wanamwona kama hakufanya kazi. Nami nikanunua yangu siku chache kabla ya safari. Nilijaribu kuipanda mara moja tu, nyuma ya maduka. Nikaanguka mbele ya wanawake waliokuwa kwenye mstari wa maji, nikajipukuta, nikaondoka nayo kama niliyekusudia kulala pale chini. Lori likanishusha Tunduma mimi na baiskeli yangu, bado imezungushiwa karatasi zake za dukani. Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu siku mbili, nikiisukuma. Vijana walikuwa wakinipita kwenye baiskeli kuukuu, wananigeukia. Mzee mmoja aliyekuwa anapalilia kando ya barabara akasimama na jembe lake, akaniuliza, "Kijana, hiyo inaumwa?" Nikamjibu, "Hapana, baba, ni mpya. Vyuma bado vichanga, inasukumwa mpaka vikomae." Alitikisa kichwa kwa heshima. Alivyoniamini upesi vile, nikaona nimepata jibu la kutumia mpaka nyumbani.

Nanyi mkaniamini. Shemeji Yesaya alinisikiliza akiwa ameshika kidevu, akasema, "Kumbe. Ndiyo maana za watu wa hapa zinakatika upesi." Ningeweza kucheka wakati ule tukamaliza. Sikucheka. Nikaongeza na mafuta, kwamba inatakiwa ipakwe kila Jumamosi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Tabita, soma hapa kama ulivyosoma kote, usiruke.

Mnakumbuka siku ile niliporudi kutoka kwa mchungaji nikakuta watoto wamejaa uwanjani, pale tunapoanikia kahawa. Walikuwa wameitoa baiskeli ndani. Tabita hakufikia tandiko, alikuwa ameupitisha mguu katikati ya fremu, chini ya ule mtaimbo wa juu, amening'inia ubavuni na kiuno kimepinda, na anaikanyaga hivyo hivyo. Ilikuwa inakwenda. Wenzake walikuwa wanamkimbilia nyuma, mmoja ameshika kiti, na halafu akakiachia, na bado ilikuwa inakwenda. Mtoto wa miaka tisa. Aliponiona akaita, "Baba, tazama."

Nilitazama. Kisha nikavunja fimbo ya mti wa kahawa nikamchapa mbele ya wenzake wote. Nilisema ameharibu vyuma. Akalia, akaniambia neno moja tu, "Baba, lakini inakwenda." Nikamwongeza kwa neno hilo. Baadaye niliipandisha baiskeli darini, nikaifunga kwa kamba, nikakataza mtu kuigusa mpaka nirudi.

Mama Tabita, uliniuliza jioni ile kwa nini nimepiga hivyo, nikasema mtoto lazima afundwe. Haikuwa hivyo. Nilimpiga kwa sababu alijua kitu ambacho mimi baba yake sikukijua, na alikijua mbele ya watu. Naona aibu kuandika hivi. Naona aibu zaidi kwamba nimekaa nayo mwaka mzima nikijiita mzazi mkali.

Zamani barua zako zilikuwa na mstari mmoja chini kabisa, baada ya maneno yako kwisha. Tabita aliweka wa kwake mwenyewe. Kuku ameangua. Nimekuwa wa tatu darasani. Tangu nilipoondoka nimepata barua nne, mwandiko ni wake, maneno yote ni yako, na chini hakuna kitu. Kila ninapofungua huanza kutazama chini.

Nikueleze na la mwisho, mcheke kidogo. Nyumba ya jirani hapa ni ya Mbemba mmoja mwenye watoto wengi, na watoto hao wana baiskeli moja isiyo na breki. Jumapili huwa nawatazama wakijifunza. Mdogo wao, Chanda, siku moja akanijia akaniuliza mbona nawatazama tu. Nikamwambia goti linauma. Akasema basi nimshikie kiti, maana kushika hakutaki goti. Nikamshikia, nikamkimbilia nyuma mpaka pumzi ikaisha. Jumapili ya tatu nikamwambia ukweli. Hakushangaa. Alisema tu, "Basi panda, tata, sisi tutashika." Tata kwao ni baba. Mwanamume mzima wa mgodini, nimeshikiliwa na watoto sita, wananiimbia "Mwitina, mwitina," yaani usiogope kwa lugha yao. Niliingia kwenye majani ya maboga ya mama yao mara mbili. Wakacheka wakajishika matumbo, kisha wakainyanyua baiskeli wakanishikia tena. Hakuna aliyevunja fimbo.

Leo asubuhi waliniachia. Sikujua kama wameniachia mpaka nilipowasikia wako mbali. Nikasema peke yangu, inakwenda. Neno lile lile. Nilifika mwisho wa safu ya nyumba nikaanguka, maana kushuka bado sijui, nikaketi pale chini nikalia, na watoto wakadhani nimeumia.

Basi nakuomba haya. Ishusheni baiskeli leo. Ni ya Tabita kuanzia leo, aipande atakavyo, na wewe akupeleke misheni akikua kidogo. Shemeji Yesaya mwambie ukweli wote, kwamba nilimdanganya. Akikasirika ana haki. Akitaka kujifunza, mwalimu yuko nyumbani kwenu.

Msalimie mama yangu, nampa mkono kwa heshima. Msalimie mkwe wangu mzee, baba yako, na umwombe asinicheke sana kabla sijafika. Msalimie Nehemia mdogo, mwambie baba anamletea kofia. Wasalimie wazee wa kanisa, na mchungaji ukiona inafaa aisikie barua hii, aisikie.

Tabita, mwanangu, nilikuchapa kwa kosa lililokuwa langu. Nisamehe. Ukurasa huu sikuujaza kwa makusudi. Hapo chini ni pako. Pakate kwa mkasi wa mama, uandike unachotaka, hata kama bado una hasira andika hasira, kisha unirudishie.

Ni mimi mume wako, na baba yako,
Eliya