Chura Mwenye Jina la Bibi Harusi

3 Machi

...na chozi likanitoka hapohapo, dada! Simu ilikatika, kwa hiyo namalizia kwa barua. U mzima lakini? Mimi nanenepa kwa furaha. Basi mume wangu kanipa chura! Yule mdogo wa tumbo jekundu, wa kwenye chupa uliyoiacha chumbani kwa marehemu mama. Chupa hiyo nilimpa mimi tukiwa wachumba, maana mwalimu wa baiolojia humtegi kwa maua. Akasema duniani hajulikani, akampa jina langu kwa Kilatini, akamwelezea kwenye kadi za shukrani za harusi. Wageni mia tatu wamesoma! Nani mwingine kapendwa hivi?

Mdogo wako mwenye bahati

11 Machi

Mdogo wangu,

Nafurahi u mzima. Mimi kifua tu kinanisumbua. Chura huyo nimemfuata mtoni miaka kumi na mmoja. Makala yangu ingali kwa wahakiki wa jarida, na humo nimempa jina la mama. Kadi ya harusi haihesabiki. Jina halali hutoka kwenye chapisho la kisayansi la kudumu. Likiwa la mtandaoni, lisajiliwe kwanza kwenye daftari la dunia la majina ya wanyama. Tena itajwe sampuli ya mfano, yaani mnyama mwenyewe aliyehifadhiwa, na makumbusho inakotunzwa. Anayetangulia kutimiza hayo, jina lake ndilo linalosimama. Mwambie shemeji asione haya, hakujua. Nirudishie chupa, sina dume mwingine.

Dada yako

2 Mei

Dada kipenzi,

Kifua kimepoa? Barua yako mume wangu kaisoma mara tatu, akanibusu: "Dada yako mwalimu kuliko mimi!" Kafuata kila neno. Kasajili, chupa kaipeleka makumbusho, na jarida la mtandaoni limetoa makala Jumatatu. Sasa mimi ni chura halali! Najua ulimtaka mama, lakini mama kishafariki, hawezi kufurahi kama mimi. Usinune, bwana. Kakushukuru mwishoni kabisa: "Shemeji, kwa chupa." Tena anasema kwa miaka yote hiyo lazima umerekodi milio ya chura huyo, anaihitaji kwa makala ya pili. Usihangaike kuituma. Tutakuja wenyewe, tumeshikana mikono, kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako akupendaye