Tumefika Bloomington

Mutwiri, ndugu yangu,

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka, na kwa sababu hapa nilipo hakuna mwingine wa kumwambia. Binti yako Kendi yuko chumba cha jirani. Nasikia televisheni yake kupitia ukutani, na kila inaponyamaza kidogo nainua kichwa nisikilize kama bado yupo.

Leo asubuhi tumeondoka kwa pikapu kwenda jangwani Utah, mimi na yeye, trela lako nyuma na pikipiki zote mbili juu yake. Tumefika Bloomington. Cheka tu, najua unacheka. Kutoka kwangu Minneapolis mpaka hapa mtu hamalizi hata kikombe cha kahawa. Tuko hotelini, upande wa lile duka kubwa, na nje mvua inanyesha na kuganda palepale inapoangukia. Taa za barabarani zimewashwa mchana. Uwanja wa ndege uko jirani, na hakuna ndege inayoruka.

Ngoja nikueleze, maana uliondoka bila kuaga na mengi yamepita.

Mwili wako ulipelekwa Meru. Sikuweza kwenda, karatasi zangu unazijua. Walituletea mkanda wa video ya mazishi, tukauangalia sebuleni kwako Frogtown, watu wamekaa hadi sakafuni. Wenzangu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa naangalia kamba. Jeneza lako lilikuwa nyuma ya pikapu, kwenye barabara ya vumbi, na wamelifunga ovyo, kamba moja tu katikati, nikawa najisemea kwamba Mutwiri angewashusha wote hawa wafunge upya. Halafu nikakumbuka ni nani aliyefungwa pale. Nikatoka nje, nikasimama kwenye theluji bila koti, mpaka mkeo alipotuma mtu aniite.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, yule mzee wako wa chumba cha mwisho bado anakuulizia kila siku. Tulichoka kumwambia ukweli, maana kila mara anausikia upya na analia upya. Sasa tunamwambia uko likizo, uko na pikipiki yako. Anaridhika.

Wote tulidhani itakuwa pikipiki. Mama Kendi alidhani hivyo, kanisa zima lilidhani hivyo, na kila mwezi wa tatu tukifunga trela walituombea kana kwamba tunakwenda vitani. Kumbe ilikuwa presha, kwenye korido ya kazini, umebeba mashuka safi. Tangu siku ile siamini tena kwamba najua cha kuogopa. Kwa hiyo naogopa kila kitu, nisije nikakosea.

Na trela ndilo naliogopa kuliko vyote. Miaka yote ile mimi nilikuwa dereva na wewe ulikuwa utingo, na hukuona haya kusema hivyo mbele za watu, kwa sababu ndiyo kazi uliyoanza nayo ujanani, juu ya malori ya kutoka Isiolo kwenda Moyale. "Wewe Mtanzania, angalia mbele. Ya huku nyuma niachie mimi." Ulishusha kioo hata kwenye baridi ya kukata masikio, mkono nje, ukaupiga mlango kwa kiganja: mara mbili twende, mara moja simama. Wazungu kwenye vituo vya mafuta walikuwa wanatukodolea macho. Na wakati wa kurudi nyuma ulisimama kule ukipaza sauti, "Kuja, kuja, kuja, kata, kata, nyoosha." Nilikuwa nakwambia watu husema njoo, na wewe unanijibu trela halijasoma kwetu Tanga. Siku hizi nachagua maegesho kama mtu anayechagua mchumba. Pasipo na njia ya kutokea mbele, siingii.

Mama Kendi hakuwahi kutuelewa. Alikuwa akisema tumeacha mchanga kwetu Afrika tukaja kuufuata Utah. Wewe ulimjibu kwamba huku Minnesota hali ya hewa inakuvamia kutoka nyuma ya nyumba, lakini jangwani unaiona mvua tangu asubuhi, iko kule mbali, inakuja polepole mpaka jioni, na unapata muda wa kuamua. Ulipenda kusimamisha pikipiki, kuzima injini na kukaa tu ukitazama. Mimi nilikuwa nasikia kiu. Na furaha pia, sitakuficha. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ungevimba kichwa.

Mwezi uliopita Kendi alikuja kwangu. Amerudi chuoni, alikuwa ameacha masomo tangu mazishi. Alisimama mlangoni, hajavua hata buti. Ulimwahidi utampeleka akimaliza sekondari, akamaliza, ukamwambia mwakani. Amejifunza pikipiki kwa siri, leseni anayo. "Anko, he promised me. Wewe ndiyo unajua njia." Mtoto huyu ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, siku zote, lakini siku ile alijitahidi, na mimi nikashindwa kusema hapana. Tukapanga kwenda wiki hii, chuo kikiwa kimefungwa.

Mama Kendi hakugomba. Afadhali angegomba. Alinipa chupa ya chai, akaniangalia sana, akasema, "Shemeji, mimi nimeshazika mmoja. Huyu unirudishie."

Leo jua lilikuwa kali asubuhi. Theluji inayeyuka na kudondoka kutoka kwenye mapaa, jirani yangu anafagia ngazi amevaa fulana. Redio ilisema mvua ya barafu itakuja jioni, tena kaskazini. Nikaiamini. Wewe ulikuwa huiamini redio ya huku, ulikuwa unatoka nje na kunusa, nami nilikuwa nakucheka.

Tulikuwa tunaukaribia mto, pale kwenye daraja refu kusini ya hapa. Kwanza upepo. Kisha kioo cha mbele kikaziba, waipa zikawa zinakwaruza barafu. Kisha trela likaanza kutikisa mkia, kidogo, halafu zaidi. Nikakanyaga breki. Ndiyo, najua. Ulinikataza mara ngapi. Nilikanyaga.

Gari likaacha kunisikiliza. Nikaliona trela, Mutwiri, na sikuliona kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Nililiona dirishani, upande wa Kendi, linakuja sambamba nasi kama linataka kutupita. Kendi akapiga kelele, "Baba!" Alikuwa anakuita wewe. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na usukani mkononi, na alikuwa anakuita wewe.

Tulijikuta tumesimama kwenye rundo la theluji, pembeni, kabla ya daraja. Hakuna aliyeumia. Hata taa haikuvunjika. Vidole vyangu vilikataa kuuachia usukani, Kendi ndiye aliyevitoa, kimoja kimoja. Nikashuka, nikalizunguka trela nikilishika ubavuni nisianguke, na hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Pikipiki nilizipakia nyuma kabisa ili iwe rahisi kuzishusha. Madumu ya maji nyuma. Sanduku la spana nyuma. Wewe ulikuwa ukipakia wakati mimi nakunywa chai, na katika safari zote zile sikujiuliza hata siku moja kwa nini kila kizito unakisukuma mbele, karibu na gari. Trela likizidiwa nyuma hutikisa mkia. Nimejua leo, nikiwa na mtoto wako pembeni yangu.

Tulijikokota mpaka hapa kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, tukapakia upya kwenye maegesho ya hoteli, mvua ikitugandia kwenye kofia. Tulipofunga kamba ya mwisho nikamwambia kesho tunarudi nyumbani. Akafuta uso kwa glavu. "Anko, if we go home now, hutakuja tena. Na mimi pia." Ni kweli.

Nikaenda kumpigia mama yake simu. Sitakudanganya, nilitaka aseme rudini. Nilitaka iwe amri yake isiwe woga wangu. Nikamwambia tumeteleza kidogo, hatujaumia, tuko hotelini. Akauliza wapi. Nikamwambia Bloomington.

Nikasikia pumzi zake zinakatika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mkono wa simu ya ukutani ukamponyoka, nikausikia ukigonga ukuta wa jikoni. "Bloomington? Shemeji, mmeenda desert mkafika Bloomington?" Tangu uondoke sijawahi kuisikia sauti hiyo, nikaanza kucheka na mimi, hapo kwenye meza ya mapokezi, maji yananichuruzika. Halafu kicheko chake kikageuka kilio.

Alipoweza kusema, akaniambia hajakaa chini tangu tuondoke. Anaizunguka hiyo simu kama mtu aliyeona nyoka. Habari zako zilimfikia kwa simu hiyohiyo, amesimama hapohapo, ameshika mwiko. Mimi sikulijua hilo. Miezi yote hii akiwa hapokei simu tulidhani amelala, au hataki watu. Leo ilipolia alijua ni habari kama zile, safari hii za Kendi. Alijua kabisa, akaipokea hivyo hivyo.

"Mimi siwezi kukaa wiki nzima na hii simu," akasema. "Msirudi, na msiende. Mningoje. Kesho wakishamwaga chumvi barabarani, barafu iyeyuke, nitaomba lift kwa mtu wa kanisa. Si hiyo pikapu ina nafasi katikati?" Nikaanza kumwambia hapana, barabara mbaya, mimi mwenyewe leo nimemponza Kendi. Akanikata. "Sikuulizi, Shemeji."

Kwa hiyo sasa ndiyo naogopa kwelikweli. Asubuhi nilikuwa nimembeba mtoto wako. Kesho nitaibeba nyumba yako yote, kwenye kiti kimoja, mabega yanagusana, na mimi ndiye mwenye usukani. Nimetoka tena na tena kukagua kamba. Zimekaza. Nimekagua minyororo pale trela linaposhikana na gari. Iko sawa. Nikirudi chumbani na kufumba macho naliona trela dirishani.

Natamani ungekuwa... basi. Haisaidii.

Nakumbuka wewe hukuwahi kugeuza njiani. Hata ule mwaka wa tufani kule Nebraska, nilipokuomba, uliniambia anayegeuza anakutana na tufani ileile mara mbili. Mutwiri, mimi si wewe. Nimetumia miaka mingi nikijifanya, na leo nimechoka. Anga likibadilika nitasimama, hata kama ni saa tano asubuhi, hata kama mkeo na binti yako watanicheka wote wawili. Nikiona siwezi, nitageuza, na nikigeuza sitakuomba msamaha.

Mvua imepungua kidogo, au ni masikio yangu. Kendi amezima televisheni. Namsikia anatembea, anafungua bomba, anafunga. Yupo.

Pumzika, ndugu yangu. Jangwa sikuahidi. Tukifika, nitamwonyesha Kendi mahali ulipokuwa ukizima injini, na mama yake auone mchanga wenyewe aamue kama ni uleule wa Isiolo. Ninachokuahidi ni kwamba nitawarudisha nyumbani wote wawili, wazima, hata kama safari yetu yote itakuwa imeishia hapahapa Bloomington.

Sefu